SHA kwa kaya ya mashinani: namna ya kupimwa sawasawa, kulipa kwa msimu na kutibiwa panapostahili

Mlinzi wa usiku jijini Nairobi anayelipwa 15,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya taifa. Hizo ni shilingi 412 na senti 50. Hazipiti mkononi mwake. Mkulima wa Kisii ambaye mfumo umeamua kuwa naye anapata 15,000 hutozwa asilimia ile ile, ila yeye anadaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo: shilingi 4,950. Tena kipato chake hakikusomwa kwenye hati ya mshahara, kilikadiriwa kwa kutazama paa, choo na mifugo.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilitaka kila Mkenya achangie kwa uwezo wake, na nia hiyo ni njema. Chini ya NHIF, bima ya taifa ya zamani iliyoanzishwa 1966, mtu asiye na mshahara alilipa 500 kwa mwezi, awe ni mama mboga au mwenye malori matatu, na tajiri wa mshahara mnono hakuvuka 1,700. Sasa kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi na hakuna kikomo cha juu. Kaya maskini inayopimwa vizuri hulipa 3,600 kwa mwaka badala ya 6,000 za zamani. Neno zito hapo ni "inayopimwa vizuri". Mwongozo huu ni wa yule anayemwandikisha mzazi kijijini, mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka na simu nyumba kwa nyumba, na mweka hazina wa chama.

Jueni kwanza nani ni kaya ya nani

Kabla ya kubonyeza chochote, kaeni chini mwandike majina kwenye karatasi. Makosa mengi ya gharama huanzia hapa, kwa kuwa familia nyingi za Kenya zina mguu mmoja mjini na mwingine nyumbani.

Mke anayeishi Siaya na mumewe ameajiriwa Nairobi si kaya ya pekee. Ni mtegemezi wa mume, na ile asilimia 2.75 inayokatwa kwenye mshahara inamhusu yeye na watoto. Akijiandikisha kivyake kisha akajibu maswali ya kipato kama mkuu wa kaya, atatozwa mchango wa pili usio wa lazima. La kufanya ni hili: ajiandikishe kwa kitambulisho chake mwenyewe, halafu mume amwongeze kama mwenzi katika akaunti yake, na wote wawili wahakikishe jina limeonekana. Msiridhike na maneno "nimekuweka". Mwombe akutumie picha ya ukurasa wenye jina lako.

Wazazi ni habari nyingine. Mtoto anayefanya kazi mjini hawezi kuwaingiza baba na mama kama wategemezi, hata kama ndiye anayewalisha. Wao ni kaya yao, na mchango wao hulipwa peke yake, ingawa pesa zinaweza kutoka mfuko wowote. Watoto huwa wategemezi hadi miaka 21, au 25 wakiwa bado masomoni, na mwenye ulemavu anayemtegemea mzazi hana ukomo huo wa umri. Mjukuu anayelelewa na bibi akiwa na mzazi aliyeajiriwa aongezwe kwa mzazi huyo, kwa cheti cha kuzaliwa, ili asije akakosa kusomeka popote siku akiugua.

Kujiandikisha

Sehemu hii ni nyepesi. Piga *147#, au ingia afyayangu.go.ke, au nenda Huduma Centre na kitambulisho. Waliokuwa NHIF nao wahakikishe wameandikishwa, kwa kuwa kadi ya zamani si kinga.

Angalizo moja tu, na usilipuuze: nambari ya simu. Bibi asiye na simu huandikishwa kwa laini ya mjukuu, mjukuu akapata kazi Mombasa, na ujumbe wote wa SHA ukamfuata huko. Nambari ya siri ikihitajika hospitalini, mgonjwa yuko kitandani Busia na simu iko Mombasa. Tumia laini ya mtu anayelala nyumba hiyo hiyo. Ikiwa haipo, mnunulieni mzee laini yake iliyosajiliwa kwa jina lake, ikae kwenye simu ndogo ya vibonyezo. Hiyo inatosha.

Maswali ya kipato

Hapa ndipo pa kutuliza akili, maana mchango wa mwaka unaamuliwa kwa dakika chache. Mfumo hauulizi "unapata ngapi" ukaishia hapo. Huuliza idadi ya watu nyumbani, kuta na paa na sakafu ni za nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mnawasha taa kwa kutumia nini, mna vyombo gani na mifugo gani. Kisha hukisia kipato kutokana na majibu hayo.

Ukisio wa namna hii hukosea kwa kanuni. Mjini, mpangaji wa chumba kimoja Kayole anaweza kuwa na biashara inayoingiza 60,000 bila kumiliki ukuta wowote. Kijijini, mzee wa miaka 75 anaweza kulala ndani ya nyumba ya matofali yenye vigae na sola, aliyojengewa na mwanawe, na mfukoni hana shilingi mia mbili. Nyumba inasema utajiri, mfuko unasema kingine, na mfumo unaona nyumba. Kinachouma zaidi ni kwamba ile pesa iliyojenga nyumba ilikwisha katwa asilimia yake kwenye mshahara wa mtoto.

Jibu kwa ukweli. Kutoa habari za uongo kwa makusudi ni kosa kisheria, na uongo wa kaya moja huwapa wakubwa kisingizio cha kuwashuku wote. Ila ukweli una namna ya kusemwa kikamilifu:

Hesabu watu wote wanaolala na kula hapo, wakiwemo wajukuu. Watu huwasahau watoto walio shule ya bweni na vichanga, na kaya ya watu saba ikiandikwa kuwa ya wawili huonekana tajiri mara moja. Upande wa pili, kijana aliyehamia Thika miaka mitatu iliyopita si wa kaya hii, wala pikipiki yake.

Mifugo iwe ni yenu. Ng'ombe wa kutunziwa, wa jirani au wa shemeji, si mali ya kaya. Mbuzi sita wa mama mkwe wanaolala zizini mwenu wasiandikwe kwenu.

Kitu kilichokufa si chombo. Runinga iliyoungua na friji inayotumika kuwekea unga zisihesabiwe kama zinazofanya kazi.

Chagua jibu la siku za kawaida. Kama mna mtungi wa gesi unaowashwa wageni wakija, na kila siku mnapikia kuni, basi mnapikia kuni. Kama bomba la mradi hutoa maji miezi mitatu na miezi tisa mnachota mtoni, sema mtoni.

Mhudumu wa afya ya jamii anayejaza kwa niaba ya wengine asijibu kwa kutazama. Wahudumu hawa, takriban 100,000 nchi nzima, walikabidhiwa simu na vifaa kuanzia 2023, na mzigo wao ni mkubwa. Mmoja aliyebakiza nyumba kumi kabla jua halijatua atajaza "mabati, simiti, sola" kutoka kwenye lango. Msomee mzee kila swali kwa lugha yake, ujaze mbele yake, na umsomee tena kabla ya kutuma.

Gawa kwa 0.33

Mfumo ukishamaliza hutaja mchango, na watu wengi hushtuka bila kujua wanabishana na nini. Kuna hesabu moja inayofichua mawazo ya mfumo. Asilimia 2.75 mara miezi 12 ni asilimia 33 ya kipato cha mwezi mmoja. Kwa hiyo chukua mchango wa mwaka, ugawe kwa 0.33, utapata kipato cha mwezi ambacho mfumo umekupa.

Chukua mfano wa wazee wawili wa Murang'a wenye nusu ekari ya majani chai na ng'ombe mmoja wa maziwa. Wameambiwa walipe 8,910. Gawa kwa 0.33: mfumo unaamini wanapata 27,000 kila mwezi. Sasa toa karatasi za kiwanda. Malipo ya kila mwezi ni 4,200, mara 12 ni 50,400. Bonasi ilikuwa 66,000. Maziwa, baada ya chakula cha ng'ombe, ni 2,500 kwa mwezi, mwaka 30,000. Jumla 146,400, ukigawa kwa 12 unapata 12,200 kwa mwezi. Mchango wa kipato hicho ni 4,026. Na hapo bado hujatoa ujira wa wachumaji na mbolea. Ukitoa 38,400 za gharama hizo, wanabaki na 9,000 kwa mwezi, na mchango wao ni ule wa chini kabisa, 3,600. Wametozwa 5,310 zaidi ya walichostahili, na kwa wazee hao hiyo ni miezi ya dawa za presha.

Fanya hesabu hii kwenye daftari, mwezi baada ya mwezi, mwaka mzima. Kosa la kawaida ni kutaja kipato cha mwezi wa bonasi au wa mavuno kana kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Kosa la pili ni kutaja mauzo ukidhani ni kipato.

Pengo likiwa kubwa, omba kupimwa upya. Nenda ofisi ya SHA ya kaunti yako au dawati lake Huduma Centre, ukiwa na kitambulisho, karatasi za kiwanda au za ushirika wa maziwa, barua ya chifu inayotaja idadi ya watu wa kaya, na ile hesabu yako ya ukurasa mmoja. Andika ombi, usiseme kwa mdomo tu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nambari 147 husaidia kufuatilia, ila simu haiachi ushahidi. Ukikataliwa bila sababu, sheria yenyewe imeunda baraza la kusuluhisha migogoro ya bima hii, na nakala yako yenye muhuri ndiyo tiketi ya kuingia huko.

Kulipa bila kuvunja nyumba

Kulipa mwaka mzima kwa mkupuo ndicho kikwazo kikuu cha mashinani, na kwa maoni yetu ndicho kasoro kubwa kuliko zote katika mageuzi haya. Mwaka 2025 waliojiandikisha walipita milioni 20, lakini wasio na mshahara waliolipa walibaki sehemu ndogo tu. Watu hawakukataa bima. Hawana 4,950 mwezi wa Machi.

Basi lipa pesa inapoingia. Mkulima wa chai aweke mchango kuwa tumizi la kwanza la bonasi, ambayo kwa kawaida huja karibu na Oktoba. Wa mahindi Trans Nzoia na Uasin Gishu atoe kando gunia la SHA wakati wa mavuno, kati ya Oktoba na Desemba, kabla ya karo za Januari kulimeza. Mvuvi wa Pwani alipe wakati wa kaskazi, samaki wakiwepo, kwa sababu kusi ikianza kuvuma mashua hazitoki kila siku. Mfugaji auze mbuzi angali na nyama mwilini. Akingoja kiangazi kikolee, bei itakuwa imeanguka.

Chama kinaweza kubeba mzigo huu vizuri kuliko mtu mmoja. Wanawake 20 wakitoa 250 kila wiki wanapata 5,000, inayotosha mchango wa kaya moja iliyopimwa 4,950, na 50 inabaki ya kutuma. Kila wiki mnalipia nyumba moja, na baada ya wiki 20 nyote mko ndani. Zamu zisipigwe kura. Aanze mjamzito, afuate mwenye kisukari au presha, kisha mwenye watoto wadogo. Mwaka unaofuata kila mmoja atamaliza muda wake wiki yake, kwa hiyo mzunguko unajirudia wenyewe bila siku moja ya kukimbizana. Malipo yafanywe mbele ya wanachama kupitia *147#, kwa nambari ya kitambulisho cha mwenye zamu. Kosea tarakimu moja na umemlipia mtu wa Garissa. Anayekwambia umtumie pesa kwenye nambari yake binafsi ili "akulipie SHA", usimpe.

Asiye na chama aweke 96 kwa wiki, zinafika 4,992 kwa mwaka. Upo pia mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ulioanza 2025, ambapo mchango unalipwa kwa mkopo nawe unarejesha kidogo kidogo. Unafaa bodaboda anayeshika pesa kila jioni. Kwa mkulima wa msimu mmoja tuna mashaka nao, kwa sababu marejesho ya kila wiki hayamngojei mahindi akauke. Uliza riba yote kwa shilingi kabla ya kukubali.

Aliyeajiriwa shambani, awe kwenye maua ya Naivasha au chai ya Kericho, yuko upande wa mshahara: mwajiri anakata na anapaswa kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kukatwa si kuwasilishwa. Kagua hali yako kwa *147# kila ifikapo tarehe 15, na ukikuta huna malipo beba hati ya mshahara inayoonyesha makato uende ofisi ya SHA mapema, ukiwa mzima.

Kutibiwa panapostahili

Kuna mifuko mitatu, na kuichanganya ndiko kunakowafanya watu walipe mara mbili. Mfuko wa huduma za msingi hugharimiwa na serikali na hulipia zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Hapo unahitaji kujiandikisha tu, bila mchango wowote. Kikohozi, malaria, vipimo vya kawaida, dawa za presha: anzia hapo. SHIF, ule wa michango, ndio unaolipia kulazwa, upasuaji na kadhalika kwenye hospitali za ngazi ya 4 hadi 6. Wa tatu hulipia dharura, na pia magonjwa sugu pale SHIF inapofika kikomo.

Anayeruka zahanati akaenda moja kwa moja hospitali kuu ya kaunti na malaria ajiandae kulipa mfukoni. Na zahanati ikikosa dawa, kama inavyotokea sana vijijini, usikubali kutumwa dukani kwa mdomo. Omba dawa iandikwe, uulize kituo gani cha karibu kinayo, na umpe mhudumu wa afya ya jamii taarifa hiyo.

Mama mjamzito asikilize hili vizuri. Mpango wa zamani wa Linda Mama haukudai mchango. Sasa kujifungua kumo ndani ya SHIF: hospitali hulipwa 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, lakini mchango wako uwe umelipwa. Ulipwe mapema, mwezi wa tano au wa sita wa mimba, usingoje uchungu. Aliye mtegemezi wa mume aliyeajiriwa athibitishe jina lake kwenye akaunti ya mume mwezi huo huo.

Hospitali ya kibinafsi iulizwe kabla ya kupanda gari kama ina mkataba na SHA na kama inaendelea kupokea. Mwanzoni mwa 2025 hospitali nyingi wanachama wa RUPHA, chama cha hospitali za kibinafsi za mijini na vijijini, zilisitisha huduma kwa sababu ya madeni, na wagonjwa wakaambiwa walipe taslimu wakiwa wamekwisha fika langoni. Kwa mtu wa Marsabit, safari hiyo ya bure inaweza kumaliza akiba yote.

Alama za vidole nazo huwasumbua wakulima. Jembe na majani chai hufuta mistari, mashine ikakataa kumtambua mwenye bima. Nawa, pangusa kavu, paka mafuta kidogo sana ili ngozi isiwe na nyufa, ujaribu vidole vyote kumi ukianza na vya mkono usiotumia sana. Bado ikikataa, dai njia nyingine ya kutambuliwa, ukionyesha kitambulisho na ujumbe wa malipo. Ujumbe huo uandike pia kwenye daftari, maana simu hupotea. Na ikiwa ni dharura, kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mfumo ukiwa umezima, tiba inaanza na karatasi zinafuata.

Kijiji kizima kikipimwa vibaya

Kaya moja ikilalamika huonekana inakwepa kulipa. Ishirini zenye hesabu zinasikilizwa. Chora jedwali la safu sita: idadi ya watu wa kaya, mchango uliotajwa, kipato ambacho mfumo umekisia (gawa kwa 0.33), kipato halisi cha miezi 12 kwa wastani, kilomita hadi hospitali ya ngazi ya 4 iliyo karibu, na nauli ya kwenda na kurudi. Jaza kaya 20 mfululizo kufuata njia, nyumba baada ya nyumba, bila kuchagua zile za kuhurumiwa. Zikiwemo nne zilizopimwa chini ya kipato chao, ziache humo. Ndizo zitakazowafanya waamini zile kumi na sita.

Pelekeni jedwali kwanza kwa ofisi ya SHA ya kaunti na kwa kamati ya afya ya bunge la kaunti, na mhifadhi barua zilizopokelewa. Msipojibiwa, kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Litaje mliyokwisha kufanya kutafuta suluhu na majibu mliyopata, kama suala liko mahakamani au la, na mnachoomba Bunge lifanye. Andikeni maombi mawili yanayopimika, kwa mfano kulipa kwa awamu bila mkopo kwa wenye kipato cha msimu, na kila kaya kupewa maelezo ya namna kipato chake kilivyokisiwa. Kila mmoja aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi yake au alama ya kidole gumba, na jedwali liambatishwe nyuma.